Shuka Limelowa Tena: Tunajibu Maswali Yenu ya Malezi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walezi wa watoto wa miaka 3 hadi 5. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi zaidi, nalo tumelijibu kwa urefu kwa sababu makosa yanayofanywa hapo ni mengi na huwaumiza watoto bure.

Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na nusu. Mchana hajikojolei kabisa, ila usiku analowesha kitanda karibu siku tano kwa wiki. Nimeacha kumpa maji kuanzia saa kumi jioni, saa sita usiku ninambeba hadi chooni, na bado asubuhi nakuta shuka limelowa. Shangazi yake anasema nikimchapa kidogo ataacha. Godoro nalo linanuka. — Mama, Tanga

Dada, fimbo iweke chini kabisa, na wifi yako umwombe aiweke. Mtoto huyu hakojoi kwa uvivu wala ukaidi. Amelala, hana habari. Ili usiku upite pakavu, mambo matatu lazima yakutane: mwili upunguze kutengeneza mkojo wakati wa usiku, kibofu kiweze kuushika unaotengenezwa, na ubongo uweze kumzindua kibofu kikijaa. Kila moja hukomaa kwa wakati wake. Wanapofikia miaka 5, takriban watoto 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani, na kila mwaka unaofuata kama 15 kati ya kila 100 waliobaki huacha wenyewe bila dawa yoyote. Jambo hili pia hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi utotoni, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo hukaribia nusu. Wakiwa wote wawili, hufika watoto watatu kati ya wanne. Muulize wifi yako kaka yake aliacha akiwa na miaka mingapi. Jibu lake huenda likakutuliza kuliko sisi.

Sasa maji. Kumnyima tangu saa kumi kunaharibu badala ya kusaidia. Kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua umri wake, kuongeza 1, na kuzidisha kwa mililita 30. Kwa mtoto wa miaka 4 ni kama mililita 150, kikombe kidogo cha chai. Kibofu kisichojazwa vizuri mchana hakizoei kushika mkojo mwingi, na mkojo mzito wa mtoto mwenye kiu hukichokoza kitake kutoa hata kabla hakijajaa. Mtoto wa umri huu anahitaji vinywaji vya jumla ya lita 1 hadi 1.4 kwa siku, zaidi kukiwa na joto la Tanga. Tofauti iwe kwenye saa za kunywa. Mpe kikombe anapoamka, kingine saa nne, kingine kabla ya chakula cha mchana, kingine akitoka kucheza, ili sehemu kubwa iwe imeshaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni mafunda machache tu ya kusukumia chakula. Chai ya rangi, kahawa na soda za kola zisipewe nafasi jioni, kwa kuwa kafeini huchochea mkojo.

Mchana aende kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu hata kama anasema hana mkojo. Jioni aende mara mbili: mnapoanza maandalizi ya kulala, yaani kabla ya kumnawisha na kumvalisha, halafu tena dakika ya mwisho kabla ya kuingia kwenye chandarua.

Kumbeba saa sita akiwa nusu usingizi huokoa shuka usiku huo, lakini hakumfundishi kitu, kwa sababu anaendelea kukojoa akiwa amelala. Tofauti ni kwamba sasa analala mikononi mwako. Ukitaka kumwamsha kwa sababu ya safari au ugeni, mwamshe kweli: atembee kwa miguu yake, ajibu jina lake, akojoe akijua anakojoa.

Kuna jambo ambalo walezi wengi hawaliangalii, nalo ni choo kikubwa. Utumbo uliojaa choo kigumu hukaa nyuma ya kibofu na kukibana, kikakosa nafasi ya kutanuka. Angalia wiki nzima. Akipata choo chini ya mara tatu, au kikiwa vipande vikavu kama vya mbuzi, au ukikuta madoa kwenye chupi, anza na hilo kabla ya lingine lolote: papai bivu au embe kila siku, maharage, mboga za majani, maji ya kutosha, na kukaa chooni dakika tano baada ya kifungua kinywa bila kuharakishwa. Kama choo ni cha kukalia, miguu isining'inie. Weka kigoda chini yake apate pa kukanyagia. Familia nyingine huona shuka likianza kukauka kwa hili pekee.

Kuhusu kitanda, tandika kwa tabaka. Juu ya godoro weka mpira, juu ya mpira shuka, juu ya shuka hilo mpira mwingine, kisha shuka la pili. Usiku akilowesha, unachomoa shuka na mpira wa juu, na chini kuna kitanda kikavu tayari. Dakika mbili zinatosha, taa haihitaji kuwashwa, na hakuna atakayekasirika.

Godoro la sponji lililokwisha kunuka usililoweke lote. Litakauka juu, ndani libaki bichi na kuota ukungu. Kandamiza sehemu yenye mkojo kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoe unyevu, nyunyizia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri dakika kumi, kandamiza tena, kisha lisimamishe juani ili hewa ipite pande zote mbili. Shuka lisuuze kwanza kwa maji matupu ya baridi kabla ya kulitia sabuni. Tahadhari moja kubwa: usimwage jiki juu ya mkojo, wala usiichanganye na siki. Hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu, na ndani ya chumba kidogo ni hatari.

Sifa zake mtoto azipate kwa yale anayoyaweza: amekunywa maji yake ya mchana, amekojoa kabla ya kulala, amesaidia kupeleka shuka kwenye beseni. Ukimzawadia kwa kuamka mkavu tu, unamzawadia kwa kitu kisicho mikononi mwake, na siku atakayolowa ataanza kuficha nguo chini ya kitanda. Kumbebesha godoro mbele ya majirani au kuwaruhusu wenzake wamzomee ni ukatili, hata kama sisi wenyewe tulilelewa hivyo.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa alishakaa miezi sita akiwa mkavu kisha akaanza upya, anaumia akikojoa, ana homa, mkojo una damu, au mchana pia unamvuja. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na anakonda, usisubiri kesho. Dalili hizo zinaweza kuwa za kisukari. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mtoto wa miaka 4 na nusu haumwi.

Binti yangu wa miaka 4 anasema "lafiki" na "kuludi". Mwalimu anamrudisha kwenye neno mpaka aliseme sawasawa, na siku hizi darasani ananyamaza tu. — Baba, Shinyanga

Sauti ya r ni miongoni mwa zinazochelewa. Watoto wengi huipata vizuri kati ya miaka 5 na 6. Na kama nyumbani watu wazima wanaongea lugha isiyotofautisha r na l, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, mtoto anaiga kile anachokisikia, na sikio lake linafanya kazi yake barabara.

Mwombe mwalimu aache kumrudisha. Akisema "lafiki yangu amekuja", nanyi mjibu, "Eh, rafiki yako amekuja? Rafiki gani?" Anasikia neno sahihi mara mbili na mazungumzo yanaendelea. Hilo linatosha. Kunyamaza darasani ndiko kunakotutia wasiwasi kuliko r yenyewe, kwa hiyo zungumza na mwalimu wiki hii.

Kipimo halisi cha umri huu ni je, mtu asiyemfahamu anaelewa karibu kila anachosema? Kama haelewi, au mtoto haitiki akiitwa kutoka nyuma, au sikio lilishawahi kutoka usaha, apimwe masikio kwanza.

Mtoto wangu ameanza PP1, darasa la kwanza la chekechea, mwezi huu. Kila asubuhi langoni hunikamata leso na kulia hadi kutapika. Nikijiiba anapocheza, siku ya pili huwa vibaya zaidi. Mwalimu asema akishaingia hunyamaza. — Mama, Mombasa

Tumeanza na sentensi yako ya mwisho, dada, kwa kuwa ndiyo yenye uzito. Mtoto anayelia langoni kisha akatulia ndani ya dakika kumi au kumi na tano, akacheza, akala, amehuzunika kuachwa, na hiyo ni huzuni ya kawaida. Wengi huzoea kati ya wiki mbili na nne. Jumatatu huwa nzito kuliko Ijumaa, na baada ya likizo au ugonjwa kilio hurudi kwa siku chache.

Kujiiba ndiko kunakokuponza. Mtoto aliyegeuka akakuta mama hayupo hujifunza kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, basi kesho yake hathubutu kukupa kisogo. Aga waziwazi, tena kwa ufupi. Chagua maneno yenu na uyatumie hayo hayo kila siku: busu, "Nakuja baada ya chakula cha mchana", unampa mwalimu mkono wake, unaondoka bila kurudi nyuma. Anayerudi mara moja "kumbembeleza kidogo" humfundisha mtoto kwamba kilio kirefu humrudisha mama. Usimwambie utakuja saa saba, saa hazijui. Mhesabie kwa mambo: uji, kucheza nje, hadithi, chakula, halafu mama. Na ukisema baada ya chakula, uwe pale baada ya chakula. Wiki hizi za mwanzo kuchelewa kwako robo saa kunaweza kubomoa kazi ya siku tatu.

Kipande cha leso yako kuukuu, cha ukubwa wa kiganja, kikunjwe kitiwe mfukoni mwake. Kina harufu yako, na hakimpigii mwalimu kelele. Kutapika nako kwa kawaida hutokana na kulia kwa nguvu tumbo likiwa limejaa. Mpe kifungua kinywa saa nzima kabla ya kutoka, chai isiwe nyingi.

Halafu muulize kuhusu choo. Watoto wengi wa umri huu huogopa shule kwa sababu ya choo kuliko kwa sababu ya masomo: shimo ni kubwa, kuna giza, mlango haufungiki, au kaptula ina kifungo kigumu na mkanda asioweza kuufungua peke yake. Nenda naye siku moja baada ya masomo mkakione pamoja. Akiwa nyumbani afanye mazoezi ya kuchuchumaa na kushusha nguo mwenyewe, na kama shule inaruhusu, mnunulie kaptula ya lastiki kiunoni. Jambo dogo hili limekausha machozi mengi.

Yapo yanayopaswa kukutoa kwenye subira: akilia siku nzima baada ya wiki nne, akimwogopa mtu mmoja kwa jina, akirudi na alama mwilini, au akilalamika maumivu sehemu za siri. Hapo msikilize bila kumhoji kama askari, na uchukue hatua siku hiyo hiyo.

Anavaa viatu mwenyewe sasa, miaka 4, lakini kila siku cha kulia kiko kushoto. Kuna ujanja? — Mama, Morogoro

Upo. Weka viatu vyote viwili sakafuni kwa mpangilio sahihi, vikigusana. Chukua kalamu ya wino usiofutika na uchore samaki mmoja kwenye soli za ndani, kichwa kwenye kiatu cha kushoto, mkia kwenye cha kulia, vikikutana katikati. Kazi ya mtoto ni kuunganisha samaki kabla ya kuingiza mguu. Hata wino huo hufifia kwa jasho baada ya wiki mbili hivi; rudishia. Kuhusu kufunga kamba msubiri, wengi hawaiwezi kabla ya miaka 5 au 6. Nunua vya kubandika. Na kwamba anavaa mwenyewe, mama, ni ushindi mkubwa. Mwambie hivyo hata samaki akiwa kichwa chini.

Ninamlea mjukuu wa miaka 3, mama yake yuko kazini Dar es Salaam. Asubuhi chai ya maziwa na biskuti, mchana maziwa tena, ugali anautema, mchicha anautupa. Nimenunua unga wa lishe wenye vitu tisa, nao hautaki. Anacheza vizuri ila naogopa mama yake ataona simlishi. — Bibi, Moshi

Bibi, shikamoo. Mtoto anayecheza vizuri ameshajibu nusu ya swali. Mwaka wa kwanza aliongezeka uzito haraka. Sasa, kati ya miaka 2 na 5, huongezeka takriban kilo 2 tu kwa mwaka, na hamu ya chakula hupungua kufuatana na hilo. Sahani yake pia ni ndogo kuliko tunavyodhani. Kadiria kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri kwa kila aina ya chakula: vijiko vitatu vya ugali, vitatu vya maharage, vitatu vya mboga. Akimaliza aongezwe. Akipakuliwa mlima, anakata tamaa kabla ya kuanza.

Kinachombana ni maziwa na chai. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, chai ya maziwa ikihesabiwa humo. Yakizidi hujaza tumbo, na kwa kuwa hayana madini ya chuma ya kutosha, mtoto huishiwa damu akiwa mnene. Majani ya chai nayo huzuia chuma cha kwenye mboga na maharage kisifyonzwe, kwa hiyo ndani ya saa moja kabla na baada ya chakula asipewe chai. Usiyakate yote kwa siku moja. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu, na maziwa yaje baada ya chakula. Biskuti zisimkaribie kwa saa mbili kabla ya mlo.

Mchicha anaoutupa leo endelea kuuweka. Watoto wa umri huu huogopa chakula kigeni, na mara nyingi kitu kimoja huhitaji kuonekana mara 8 hadi 15 kabla hakijaliwa. Kijiko kimoja tu pembeni ya sahani, pamoja na kitu anachokipenda, bila kubembeleza, kutisha wala kuahidi peremende. Ale mezani au mkekani pamoja nanyi, akiona wewe unakula huo huo. Baada ya dakika 20 au 30 sahani iondoke kwa amani, na asipewe kitu kingine mpaka mlo unaofuata. Mkono unaomkimbiza na kijiko uani humfundisha kwamba kula ni mchezo wa kukimbizana.

Huo unga wa vitu tisa, Bibi, uweke kando. Soya isiyopikwa vizuri ina vitu vinavyozuia usagaji wa protini, na haiivi kwa muda mmoja na ulezi. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki kadhaa, mafuta yake huchacha na unga hupata uchungu; huenda ndiyo sababu anaukataa. Isitoshe, ukishasagwa huwezi kuona punje iliyooza. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, haiondoki kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tengeneza hivi. Chukua nusu kikombe cha unga wa ulezi au mahindi, koroga kwenye kikombe kimoja cha maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga, na uache moto mdogo dakika 15. Mwishoni kabisa weka vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini; ukiziweka mwanzoni hushika chini na kuungua. Karanga uzichague kwa mkono kabla ya kukaanga, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Uji huo unatosha mara mbili au tatu. Dagaa pia wasafishe mchanga, wakaange bila mafuta wakauke, wasage, na uweke kijiko kimoja cha chai kwenye maharage yake. Karanga nzima na bisi asipewe kabla ya miaka 5, humpalia.

Akienda zahanati, aende na kadi yake ya kliniki. Mwombe muuguzi achore uzito wake na ampime mkono kwa utepe: sentimita 12.5 au zaidi ni salama kwa umri wake, chini ya hapo anahitaji kuangaliwa, chini ya 11.5 atibiwe mara moja. Waambie pia kama viganja vyake vimepauka au anakula udongo, na uulize mara ya mwisho kupewa dawa ya minyoo ilikuwa lini. Kadi hiyo ikishachorwa, ipige picha umtumie mama yake Dar es Salaam.